Kanuni ya Kumi na Nne

Jumapili, 11 Februari 2024

Leo tulikuwa ishirini na watatu. Katika daftari la Ushirika nimeandika 23 na kuweka saini, kama nilivyofanya kila Jumapili tangu mwaka 1997. Lakini lile si mahali pa kuandika kwamba nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Ndiyo maana nimefungua hili, kaunta buku lililobaki tangu nilipostaafu ualimu.

Sijui kuandika bila kueleza, kwa hiyo nieleze. Sisi ni Ushirika wa Kinara, Endagikot. Hatunywi pombe, hatuchezi ngoma, hatuoi wala kuolewa nje. Kanisa letu ni la matofali ya kuchoma, lina mabenchi ya watu mia moja na arobaini, na kila mtu ana nafasi yake yenye namba ya rangi nyeupe. Mtu akitolewa, au akiondoka mwenyewe, nafasi yake haikaliwi na mwingine. Inabaki wazi iwe fundisho. Zamani, nafasi wazi zilipokuwa tano au sita, fundisho lilionekana. Sasa sisi ishirini na watatu tumetawanyika ukumbini kama mahindi yaliyosalia baada ya panya kufukua mbegu. Tukiimba, wa mbele wanamaliza ubeti wakati wa nyuma bado wako katikati.

Mke wangu Fausta anakaa benchi la tatu upande wa wanawake. Kulia kwake ni namba 41. Ilikuwa ya binti yetu Jenifa.

Mvua ilianza tukiwa tunatoka.

Jumanne, 13 Februari

Tumepanda maharage shamba la juu. Fausta alitangulia na jembe, mimi nikafuata na mbegu. Alisema ninatupa nne kwenye shimo badala ya tatu. Nikamweleza kwa nini nne. Akafukia.

Alhamisi, 15 Februari

Mvua.

Jumapili, 18 Februari

Ishirini na watatu. Mzee Nicodemo, kiongozi wetu, alihubiri juu ya mabaki: kwamba Mungu hakuhitaji wengi, alihitaji waliobaki. Alikatizwa na kikohozi mara nyingi. Ana kifua tangu Desemba. Nicodemo si msomi, aliishia darasa la tatu, lakini ni nguzo. Nimemheshimu miaka yote kwa sababu hayumbi.

Jumamosi, 24 Februari

Nilikwenda Mbulu mjini kununua dawa ya kuua wadudu wa mahindi. Niliporudi nilipita kituo cha mabasi, nikasimama mahali palepale pa Oktoba. Nadhani ni lazima niandike habari ya Oktoba, ama sivyo daftari hili halitakuwa na maana.

Jenifa aliolewa mwaka 2014 na Halfani, kijana Mwislamu mwenye duka la vifaa vya baiskeli Katesh. Tulimtoa. Mimi ndiye niliyeandika barua, kwa kuwa mimi ni katibu, na niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri. Kanuni ya kumi na nne inasema hivi: Aliyetolewa asiamkiwe, wala salamu yake isiitikiwe, wala chakula kisiliwe naye, wala msiba wake usihudhuriwe, wala jina lake lisitumike kumwita mzazi wake. Hilo la mwisho lilimaanisha kwamba Fausta, aliyekuwa Mama Jenifa kwa miaka ishirini na sita, aliamka siku moja akiwa Mama Patriki. Patriki ni mdogo wake, yuko Dodoma. Naye hajakanyaga kanisani muda mrefu, lakini hakuna aliyemwandikia barua, kwa sababu hajasema.

Katika miaka hiyo yote nilikutana na Jenifa pengine mara kumi na mbili, kumi na tatu. Sokoni, stendi, njiani kwa watu wake wa ukoo. Kila mara alisimama, akainama kidogo kama tulivyomfundisha, akasema, "Shikamoo, Baba." Kila mara nilipita. Sikuwa nahesabu. Ningehesabu ningeona aibu mapema zaidi.

Oktoba iliyopita alikuwa hapo stendi na mtoto wake, msichana wa miaka saba. "Shikamoo, Baba." Nikapita. Nikasikia mtoto akiuliza nyuma yangu, "Mama, yule babu hasikii?" Jenifa akamjibu, "Anasikia."

Mwezi mmoja na nusu baadaye mlima Hanang uliporomoka. Ilikuwa Jumapili, tuko ibadani. Mwimbishaji wetu, Sylvester, aliingia amechelewa, amelowa, akasema tope na mawe vimeingia Katesh, mtaa wa Jorodom umefunikwa, watu wamekufa. Nicodemo aliacha kuhubiri. Aliniangalia mimi mbele ya wote, akauliza, "Mwalimu, tunafanyaje?" Nilisimama. Nilisema, "Kanuni ya kumi na nne iko wazi," nikakaa.

Jumatatu tulipata habari kwamba Halfani amekufa. Jenifa na mtoto wamepona. Jumanne niliamka nikaenda kupalilia. Fausta alisema anakwenda Dongobesh kwa dada yake mgonjwa, akakaa wiki nzima. Nilipika ugali mwenyewe.

Nimeandika. Naona haya hata mbele ya karatasi.

Jumapili, 3 Machi

Ishirini na wawili. Mama Kornelia, mjane wa benchi la mlangoni, ana miguu iliyovimba.

Jumatano, 6 Machi

Mvua kubwa mchana kutwa. Siku hizi mvua ikizidi watu wanatoka nje kuangalia upande wa Hanang, ingawa kutoka hapa hauonekani.

Jumamosi, 9 Machi

Sylvester alikuja. Nilimfundisha darasa la nne, ana sauti ambayo peke yake ilikuwa inashika wimbo ukumbini. Alikataa kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kabla hujaniandika."

"Marahaba. Nikuandike nini?"

"Kesho tunakwenda kanisa la mjini. Mimi, mama watoto na watoto. Kule kuna kinanda." Akatabasamu. "Hiyo marahaba ya leo naiweka vizuri, Mwalimu, maana najua ni ya mwisho."

Nilimweleza kwa utulivu kuhusu kinanda na kuhusu uzito wa agano. Nadhani nilieleza kwa nusu saa. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho, kama nilivyomfundisha. Kisha akasema, "Mwalimu, unaeleza vizuri sana. Ndiyo maana tulichelewa kuondoka."

Jumapili, 10 Machi

Kumi na wanane. Wimbo wa kwanza ulianzishwa na Nicodemo, ukamshinda.

Jumanne, 19 Machi

Nilikutana na Sylvester, amempakia mtu kwenye bodaboda. Alipunguza mwendo akasema shikamoo. Nilitazama migomba. Nikamsikia akimwambia abiria wake, "Mwalimu wangu huyo. Ana sikio moja, nalo liko kanisani." Walicheka. Si kicheko kibaya. Kibaya ni kwamba nilitamani kucheka nao.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Kumi na watano. Pasaka ya mwaka 1999 tulikuwa mia moja hamsini na saba, na vijana walikaa madirishani. Nimeangalia kwenye daftari la zamani.

Jumatatu, 8 Aprili

Maharage yametoa maua. Mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Kumi na watatu. Mama Kornelia anasema si kwamba ameacha, ni miguu. Nimeandika "mgonjwa."

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi nilikwenda kwa Nicodemo kumshtaki Sylvester. Ndiyo, hilo ndilo lililonipeleka. Nilisikia kwamba baadhi ya waliobaki wanamwamkia na kunywa naye chai, nikataka kiongozi aseme neno. Nilimkuta anaota moto jikoni, blanketi begani, anakohoa. Nilisoma malalamiko yangu. Nilikuwa nimeyaandika.

Nicodemo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, unajua kifua hiki nilikipata wapi?"

"Baridi ya Desemba."

"Tope la Desemba," akasema. "Jorodom. Siku tatu nilichimba."

Sikuelewa. Nilidhani anazungumza kwa mfano, kama katika mahubiri.

"Nilikwenda Jumanne ile," akasema. "Nikamwambia mke wangu nakwenda kuangalia ndama Dongobesh. Nilimkuta mkwe wako keshatolewa kwenye tope. Nikazika. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa shambani, napalilia.

"Najua. Nilikuwa nauliza tu." Akakohoa. "Mkeo alikuwa kule. Tulionana ng'ambo ya makaburi, yeye kule, mimi huku. Tukaangaliana kama wezi wawili waliokutana kwenye shamba la mtu mmoja. Hakuna aliyesema."

Nilimuuliza nani mwingine alikwenda. Akataja majina. Wengi wa wale kumi na watatu. Mama Kornelia alituma unga. Alikuwa ametuma vitu kwa Jenifa miaka yote, kwa mkono wa Fausta. Hakuna hata mmoja, alisema, anayeishika kanuni ile. Wanaamkiana njiani, wanazikana, wanakula sahani moja. Wananiona kwa mbali, wanaachana.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe ndiye mwenye daftari," akasema. "Mungu tunamwomba asamehe, Mwalimu, naye anasamehe. Daftari lako tunaliombaje?"

Hapo nikaona niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwasisi wetu, marehemu Mzee Alfredi, alikufa mwaka 1996 bila kuandika kitu. Wazee walinipa kazi ya kuandika kanuni kama alivyozitamka. Kumi na tatu za kwanza ni zake kweli. Ya kumi na nne niliitunga mimi, mezani kwangu, kwa sababu niliona watu wanaondoka kirahisi. Nikasema Mzee aliniachia kwa mdomo siku chache kabla hajafa. Nilimwambia Nicodemo hivyo.

Nicodemo alichochea moto.

"Hilo tulilijua," akasema.

"Mlijua?"

"Mzee Alfredi hakuwahi kusema sentensi ndefu namna ile tangu azaliwe. Wala, wala, wala. Mzee alikuwa anasema 'Acheni hiyo,' basi."

"Mbona mlikubali?"

"Ilikuwa imeandikwa vizuri. Tukasema msomi anajua anachofanya. Halafu ulipomtoa binti yako mwenyewe, tukaona aibu kukuambia tulikuwa na mashaka. Mtu amekata mkono wake, wewe utamwambia kisu kilikuwa cha nini?"

Nilirudi nyumbani bila kupitia njia kuu. Fausta alikuwa anachagua maharage ya kupika kwenye ungo. Nilisimama mlangoni.

"Desemba ulisema unakwenda Dongobesh."

Hakuinua macho. "Sikudanganya. Basi linapita Dongobesh."

"Fausta."

"Lilisimama pale dakika kumi. Hata nilishuka, nikanunua maji."

"Ungeniambia."

"Ungeniandika."

"Nisingekuandika."

"Ungeniandika," akasema, "halafu ungenipa nisome, uone kama imeeleweka." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Jenifa alikuulizia. Aliuliza, Baba yuko wapi? Nikamwambia anaumwa mgongo. Akasema, pole yake."

Nimeandika haya mchana huu huu, nikiwa nimekaa kitandani kama mgonjwa. Nilidhani nilikuwa nalinda ukuta. Kumbe wote walikuwa wameshatoka kupitia mlango wa nyuma, na walirudi kila Jumapili kukaa kwenye namba zao kwa kunihurumia. Sheria ile ilikuwa na mfuasi mmoja tu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilipata wapi maneno ya kanuni ile? Nimejiuliza tangu juzi, na jibu ninalo, ila sikutaka kulitazama. Niliyachukua kwa bibi yangu.

Nieleze, kwa sababu vijana wa sasa hawaijui metimani. Sisi Wairaqw zamani, nyumba ikipatwa na kifo cha namna fulani, au mimba ikiharibika, watu wa nyumba ile walitengwa. Hawakuombana moto na jirani, hawakuchota maji mahali pamoja na wengine, hawakupita njia ya wote, na salamu ilikuwa ya mbali au haikuwepo. Bibi yangu mzaa baba aliingia metimani nilipokuwa mdogo. Nakumbuka nilimwona ng'ambo ya mtaro akikata majani, nikataka kukimbilia, baba akanishika shati.

Katika Ushirika tulihubiri dhidi ya metimani. Mimi mwenyewe nimehubiri. Nikasema ni giza. Kisha nikakaa mezani nikaandika ile ile kwa Kiswahili safi na kuipa namba.

Lakini leo nikipalilia nimekumbuka kitu kingine. Nimekumbuka siku bibi alipotoka. Miezi ilikuwa imetimia, kila mtu aliijua hesabu yake. Wazee walikuja, bibi na watu wa nyumba yake wakanyolewa nywele, moto wa zamani ukazimwa, mpya ukawashwa. Bibi akaja mpaka kwetu kwa njia ya wote, akanishika kichwa, akaniuliza kama bado nakojoa kitandani. Watu wakacheka. Ikawa imekwisha.

Wazee wale tuliowaita wapagani waliweka mwisho. Mimi mwenye cheti cha ualimu, niliyesahihisha insha za watoto miaka thelathini na nne, niliandika hukumu nikasahau kuweka mwisho.

Au sikusahau. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 28 Aprili

Kumi na wawili.

Kabla ya wimbo wa kwanza niliomba kusema. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu, nikaziacha mfukoni. Nilisema, "Kanuni ya kumi na nne si ya Mzee Alfredi. Ni yangu. Nilidanganya. Naomba ifutwe, na naomba mnisamehe." Nikakaa. Nadhani ni hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Nilitegemea nini? Kilio, labda. Au hasira. Walitazama magoti yao. Kila mmoja alijua, na kila mmoja aliona aibu kwa niaba yangu, na aibu ya kuonewa aibu ni nzito kuliko ya kuona mwenyewe.

Nicodemo akasema, "Imefutwa. Sogeeni mbele basi, tukae pamoja, tuimbe kama watu."

Hakuna aliyesogea. Si kwa ubishi. Walitazama namba zao, wakatazama mabenchi ya mbele, na miguu ikakataa. Miaka ishirini na saba niliwafundisha kwamba nafasi ya mwingine haikaliwi. Nilikuwa mwalimu mzuri.

Kisha Fausta akanyanyuka kidogo, akahama nafasi moja kuelekea kulia, akakaa kwenye namba 41. Alikaa hapo ibada yote, peke yake, mikono magotini.

Tuliimba vibaya kama kawaida.

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Basi la Dareda halikuondoka, mteremko una utelezi. Nilikuwa nimeshavaa koti.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua.

Jumatatu, 6 Mei

Nilifika stendi. Utingo akasema, "Mzee, leo labda upae." Nikarudi. Fausta alinivua koti, akalitundika karibu na moto likauke.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda Katesh.

Basi lilitembea polepole hadi Dareda, nikabadilisha gari, nikafika saa sita. Mlima una makovu marefu ya udongo mwekundu, kama mahali palipokwanguliwa na kucha. Sikuwa nimeuona tangu uporomoke. Nilikuwa na mtungi wa maziwa mgando, na kilo mbili za vitunguu saumu vya Mbulu, ambavyo Fausta alivifunga.

Sikujua nyumba. Hilo pia liandikwe: sikuijua nyumba ya binti yangu. Nilimuuliza mzee mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa amesimama na fimbo yake karibu na mnada, jina lake Gidahosh. Alimfahamu marehemu Halfani, ndiye aliyekuwa akimuuzia mipira ya baiskeli yake.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

"Mimi ni baba wa mjane wake."

Alinitazama kuanzia viatu. "Mwanamke yule baba yake nilimwona. Siku ya mazishi walipouliza nani anasimama upande wa mke, alisimama mzee mmoja mfupi, anakohoa, tope mpaka kiunoni. Akasema, mimi hapa."

Kwa hiyo Nicodemo hakuniambia yote. Alinionea huruma hata katika kunishtaki.

"Huyo alikuwa rafiki yangu," nikasema. "Mimi ndiye baba."

"Basi umechelewa njiani," akasema Gidahosh, bila ubaya wowote, akanionyesha nyumba kwa fimbo.

Wanakaa kwa mama yake Halfani, Bi Sada, upande ambao tope halikufika. Bi Sada ni mwanamke wa umri wangu. Sijawahi kumpa mkono. Alinijua kabla sijajitambulisha, labda kwa pua, Jenifa ana pua yangu. Nilitegemea afunge mlango. Alisema, "Mkwe, karibu. Mguu wa mvua huo, karibu ukae," akatandika mkeka na kuleta kiti juu yake, ili nichague. Akapokea maziwa kwa mikono miwili. Akanieleza habari za nyumba kana kwamba nimetoka safari fupi. Jenifa alimaliza eda mwezi uliopita. "Miezi minne na siku kumi," akasema. "Eda ina siku zake, mkwe. Zikiisha, mtu anatoka, anaoga, anaendelea na dunia." Nilitazama chini. Hata hao wameweka mwisho.

Mtoto akaingia. Shamimu. Akasimama mbele yangu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, babu." Alinisalimu kama angemsalimu mzee yeyote. Nikasema, "Marahaba, mjukuu wangu," na sauti ilitoka vibaya, ikabidi nirudie. Akaniangalia vizuri. "Kumbe unasikia," akasema.

Jenifa alikuwa nyuma yake mlangoni, na beseni la nguo. Amekonda. Ana mvi mbili tatu mbele.

Nitaeleza jambo ambalo kila mtu wa nchi hii analijua, kwa sababu sikuwahi kulifikiri. Mzee hawezi kuanza shikamoo. Anaipokea tu. Anaweza kuinyima marahaba, lakini akiikosa shikamoo hana la kufanya, hawezi kuidai, hawezi kuinunua. Nilisimama. Nilingoja. Jenifa aliweka beseni chini, akafuta mikono kwa kitenge, akaniangalia usoni. Hakuinama.

"Karibu," akasema.

Nikasema, "Pole kwa msiba." Miezi mitano na siku nane baada ya msiba.

"Asante. Nimeshapoa."

"Jenifa, kanuni ile niliiandika mimi. Si mwasisi. Nimeshaifuta. Nilitaka nikueleze jinsi..."

"Usieleze," akasema. Hakupaza sauti. "Tafadhali, usieleze leo."

Bi Sada alikuwa amegeuka, anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Nilikuamkia miaka tisa," akasema Jenifa. "Kila nikikuona nilijiambia, leo. Nilikuwa nawaambia Halfani na mama yake, baba yangu ni mwalimu, ana mambo yake, lakini siku yakimfika shingoni atakuja. Yakanifika mimi shingoni. Akaja Mzee Nicodemo." Akaokota beseni. "Sina shikamoo, Baba. Sikatai. Nimetafuta tangu nilipokuona mlangoni, na sina."

Aliniita Baba. Niliandike hilo, ingawa sikulistahili.

Tulikunywa chai. Nilikula wali wao, sahani moja na mjukuu wangu, ambaye alinihamishia vipande vya nyama alivyovikataa. Nilipoinuka kuondoka, Jenifa alinisindikiza hadi njiani, hatua mbili mbele yangu. Akasimama, akatazama mlima, akauliza, "Mmepanda maharage mwaka huu?"

"Tumepanda. Shamba la juu."

"Yakikauka, uniletee. Wewe, usimtume mama."

"Nitaleta."

"Kabla ya hapo usije."

Shamimu, aliyekuwa anatufuata, akauliza, "Akija na maharage utamwamkia?"

Jenifa alimgeukia. "Tutaona yatakuwa makavu kiasi gani," akasema, na kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wake ilisogea, kama ilivyokuwa ikisogea alipokuwa mtoto na amepata jibu la hesabu kabla ya Patriki.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri: amenipa kile nilichomnyima. Ameniweka nje, nami nimestahili. Lakini ameweka siku.

Jumapili, 12 Mei

Tisa. Nicodemo alikuwa kitandani, nikaendesha ibada mimi. Sikuhubiri. Tulisoma zaburi, tukaomba, tukatoka mapema. Daftari la Ushirika sikulifungua. Hiyo tisa naiandika hapa tu.

Alasiri nilikwenda kumwona Nicodemo. Nikamwambia, "Ulisimama mahali pangu." Akasema, "Mtu akiuliza nani baba wa mwanamke, halafu kukawa kimya, kimya kile ni kirefu, Mwalimu. Nilishindwa kukivumilia." Nikamshukuru. Akasema niache, nitamletea kikohozi.

Alhamisi, 16 Mei

Nilikutana na Sylvester kisimani. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba, Sylvester. Alishtuka, akamwaga nusu ya ndoo.

Jumapili, 19 Mei

Saba. Tulikaa benchi moja. Haikuwa agizo la mtu. Mama Kornelia aliletwa na pikipiki, hakuweza kutembea hadi nafasi yake, akakaa ya karibu, nasi tukamfuata. Sijui kama Ushirika utafika Krismasi. Nilidhani wazo hilo litaniua. Naliandika, na naona kinachoniuma ni kingine: wale mia na zaidi ambao majina yao yako katika mwandiko wangu. Nimeanza kuwatembelea. Leo wawili. Mmoja alinikaribisha. Mwingine alikuwa nyumbani, nilimsikia, hakutoka. Nikakaa kidogo nje kwenye kigogo, nikaondoka.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua imekatika. Ukungu asubuhi, jua mchana.

Jumatano, 29 Mei

Jua.

Jumatatu, 3 Juni

Majani ya maharage yameanza kudondoka. Nilikwenda kuangalia asubuhi, nikaenda tena alasiri, Fausta akasema hayataharakishwa kwa kutazamwa.

Jumamosi, 8 Juni

Leo tumekwenda pamoja shamba la juu. Maganda ya chini yamegeuka manjano, ya juu bado yana kijani. Nilianza kumweleza Fausta kwamba yakivunwa sasa na kuanikwa juani siku nne yatakuwa sawa na yaliyokaukia shambani, kwa sababu unyevu ulioko ndani ya punje na ule ulioko kwenye ganda, kisha nikaacha mwenyewe katikati.

Alichuma ganda moja, akalivunja, akatia punje mdomoni na kuiuma kwa meno ya pembeni, akiwa ametazama upande wa Hanang. Nilingoja.

Akaitema mkononi, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na alama ya jino.

"Bado," akasema. "Bado kidogo, Baba Jenifa."